Barabara ina mfuko wake, nyumba ina nini?

Mvua za kwanza za masika zinapopiga Vigwaza, mkoani Pwani, jambo lilelile hujirudia mwaka baada ya mwaka. Usiku mmoja unatosha. Mabeseni, ndoo na masufuria huhamia sebuleni, magodoro husogezwa upande usiovuja, na kukipambazuka simu za mafundi wa bati hazishikiki. Fundi aliyeshinda kijiweni Januari nzima akisubiri kazi sasa anaitwa huku na kule kwa mpigo mmoja, na bei anataja yeye. Mwenye nyumba hana nguvu ya kubishana, maana wingu jingine limeshatanda upande wa Ruvu. Akishazibiwa matundu yanayoonekana, na jua likawaka siku chache mfululizo, habari ya paa inaishia hapo hadi vuli.

Wakati huohuo, kando ya Barabara ya Morogoro, mizani ya Vigwaza hailali. Malori yanayotoka Bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi hupimwa hapo usiku na mchana. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, imeweka ukomo wa tani 56 kwa lori pamoja na mzigo wake, na anayezidisha hulipia. Sababu yake inaeleweka hata kwa mtoto wa shule: lami ikishabonyea, kuirudisha ni ghali kuliko kuilinda.

Vigwaza, basi, ni mahali ambapo taifa limekiri hadharani kwamba kitu kilichojengwa kwa gharama hulindwa kila siku na hutengewa fedha yake. Nyumba zilizo nyuma ya mizani hiyo hazina ulinzi wa namna hiyo. Hazina mfuko, hazina ratiba, na mara nyingi hazina hata daftari. Msimamo wa makala haya ni kwamba kila kaya inapaswa kuiga kile inachokiona barabarani. Fedha ya matengenezo itoke kwanza, kabla ya matumizi mengine kuifikia, na kila kazi iwe na mwezi wake kabla mvua haijaipangia.

Fedha inayokatwa kabla haijaonekana

Utaratibu huo wa barabara haukuanguka kutoka mbinguni. Miaka ya 1980 barabara kuu nyingi za Tanzania zilikuwa zimechakaa vibaya, na fedha ya kuzikarabati ilisubiri kile kitakachobaki Hazina baada ya mahitaji mengine. Kilichobaki kilikuwa kidogo, au hakikuwepo. Mwaka 1998 Bunge lilirekebisha sheria ya ushuru wa barabara na mafuta na kuweka Mfuko wa Barabara. Tangu hapo kila anayenunua lita ya petroli au dizeli huchangia, apende asipende, na sheria inataka angalau asilimia 90 ya fedha hiyo iende kwenye matengenezo, siyo kwenye barabara mpya. Mwaka 2021 ziliongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za mijini na vijijini zinazosimamiwa na TARURA.

Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya maendeleo ya mwaka 1994, ilikadiria kwamba dola bilioni 12 za matengenezo yaliyofanywa kwa wakati zingeziokolea nchi za Afrika dola bilioni 45 za kujenga upya barabara katika muongo uliotangulia. Kila shilingi iliyozuiliwa ikazaa deni la shilingi karibu nne. Je, kuna sababu yoyote ya kuamini kwamba bati, mbao na plasta za Vigwaza zinafuata hesabu tofauti?

Kaya nayo imeshaonja utaratibu huu bila kuuita jina. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, mtu anaponunua umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Watu walinung'unika, na wana haki ya kunung'unika, lakini inalipwa. Inalipwa kwa sababu haimsubiri mtu aikumbuke, na kwa sababu kiasi kinachokatwa kwa mara moja hakivunji mfuko. Shilingi 18,000 zikidaiwa zote Desemba, nyumba nyingi zingeshindwa kuzitoa. Zikikatwa kidogokidogo, mwaka unapita na deni limekwisha.

Sasa chukua nyumba ya vyumba vitatu iliyomgharimu mwenyewe shilingi milioni 30 hadi kuhamia. Wataalamu wa majengo katika nchi nyingi hushauri mwenye nyumba atenge kila mwaka angalau asilimia 1 ya thamani ya nyumba kwa matengenezo. Kwa nyumba hiyo ni shilingi 300,000 kwa mwaka, yaani 25,000 kwa mwezi, au kama 820 kwa siku. Kwa mama lishe anayewapikia madereva karibu na mizani, 820 ni fedha anayoishika kila siku. Kwa mwalimu wa shule ya msingi, 25,000 inauma lakini inawezekana. Kwa mkulima wa ufuta haiwezekani kabisa kuitoa kila mwezi, na hapo ndipo ratiba inapopaswa kufuata msimu wa mtu, jambo litakaloelezwa mbele.

Nidhamu inayokoma siku ya kuhamia

Wapo wanaosema Mtanzania wa kipato cha chini hajui kupanga bajeti. Hiyo si kweli, na ushahidi umesimama kila upande wa barabara kutoka Mlandizi hadi Chalinze. Nyumba nyingi za ukanda huu hazikujengwa kwa mkopo wa benki. Zilijengwa kwa tofali mia moja mwezi huu, trekta la mchanga mwezi ujao, mifuko mitano ya saruji baada ya kuuza mbuzi, nondo baada ya kupokea mchezo wa kikundi. Mtu amejenga msingi mwaka wa kwanza, akanyanyua kuta mwaka wa tatu, akafunga lenta, akangoja, akaezeka mwaka wa sita. Hiyo ni bajeti ya miaka mingi, inayosimamiwa kwa daftari la shule na kumbukumbu ya mke na mume. Mashirika makubwa hushindwa kuwa na subira ya namna hiyo.

Kinachoshangaza ni kwamba nidhamu hiyo yote hukoma siku ya kuhamia. Kikundi cha VICOBA kilichofadhili bati sasa kinafadhili sherehe, pikipiki au mtaji wa genge. Hakuna ubaya katika hayo. Ubaya ni kwamba nyumba inahesabiwa kuwa kazi iliyokwisha, na chochote kitakachoharibika baada ya hapo kinaitwa "dharura". Lakini msumari wa bati kulegea baada ya miaka kadhaa ya jua kali ni dharura ya namna gani? Shimo la choo la familia ya watu wanane kujaa, nani hakulitarajia? Rangi ya dirisha la chuma kubanduka na kutu kuanza, hilo nalo lilikuja bila taarifa?

Dharura halisi zipo. Upepo unaweza kung'oa kenchi, mti unaweza kuangukia paa. Mengi ya yanayoitwa dharura, hata hivyo, yalikuwa na tarehe inayokadirika, na kaya iliyojenga kwa miaka sita ingeweza kuyapanga kwa akili ileile iliyopangia matofali.

Kutopanga kuna mkopeshaji wake. Paa linapovuja Aprili na akiba haipo, mlango ulio wazi ni ule wa mikopo ya kausha damu, inayodai marejesho ya kila siku au kila wiki kwa riba ya kutisha. Bati nne na mfuko wa misumari hugeuka deni linalobeba televisheni, kitanda, wakati mwingine hata hati ya kiwanja. Wanaolipa zaidi kwa uvujaji ni wale wenye kipato kidogo, kwa sababu wao hununua ukarabati kwa riba. Kwa hiyo hoja kwamba bajeti ya matengenezo ni anasa ya wenye nacho inapaswa kupinduliwa. Mwenye nacho anaweza kusahau paa lake na bado akalimudu. Anayeishi kwa kipato cha siku hawezi.

Maji, mchwa na msumari

Ili kutenga fedha, lazima mtu ajue adui anaingilia wapi. Katika ukanda huu maadui wakubwa ni wawili, maji na mchwa, na mara nyingi huja pamoja.

Hesabu ya maji ni rahisi na inatisha. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 100, ambalo ni paa la kawaida kwa nyumba ya vyumba vitatu, likipigwa na mvua ya milimita 50 kwa usiku mmoja, linamwaga lita 5,000. Hizo ni tani tano za maji. Nyumba isiyo na gata huyaachia yote yaporomoke kwenye mistari miwili ya ardhi, hatua moja tu kutoka ukutani. Yanachimba, yanarusha tope kwenye plasta, yanalowesha tofali za chini, na baada ya misimu michache msingi unaonekana. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, mchezo huo wa kuvimba na kunywea ndio unaofungua nyufa za kwanza kwenye kona za madirisha.

Gata na pipa la kukingia maji vinagharimu fedha. Mfereji mdogo wa kuyaongoza maji mbali na ukuta unagharimu jembe na asubuhi moja. Kuna kaya zinazosema hazina hata shilingi mia mbili ya akiba ya nyumba, na zinasema kweli. Hata hizo zina cha kufanya Februari: kuchimba mfereji, kuondoa rundo la mchanga lililobaki tangu ujenzi na linaloegemea ukuta, kukata tawi la mwembe linalosugua bati, kufagia majani yaliyoziba maungio ya paa. Kazi hizo hazihitaji fundi, zinahitaji tarehe.

Juu ya paa, tatizo mara nyingi huanzia mahali padogo mno. Bati halivuji katikati, huvuja kwenye tundu la msumari. Mpira ulio chini ya kichwa cha msumari hukaushwa na jua hadi unapasuka, msumari unalegea kwa sababu mbao hutanuka na kusinyaa, tone linaingia, kutu inaanza kuzunguka tundu. Kwa miezi mingi hakuna anayeona kitu, kwa kuwa tone linaishia juu ya dari. Doa la kahawia linapojitokeza kwenye jipsamu, mbao ya kenchi imeshalowa misimu miwili. Fundi anayepanda juu wakati wa kiangazi, akagonga misumari iliyolegea na kubadilisha iliyochoka, anafanya kazi ya nusu siku. Anayeitwa baada ya doa kukomaa anauza dari, mbao na bati. Kwa walio karibu na bahari, Bagamoyo mjini, Kaole au Mbegani, hewa ya chumvi huharakisha kutu, hivyo ukaguzi wao hauwezi kungoja muda sawa na wa Vigwaza.

Halafu mchwa. Kumbikumbi wanaporuka baada ya mvua za kwanza, watoto hushangilia na mabeseni ya maji huwekwa chini ya taa. Ni furaha ya kweli na kitoweo cha bure. Lakini kumbikumbi ni mchwa wenye mabawa wanaotoka kwenda kuanzisha makazi mapya, na wakionekana kutokea kwenye ufa wa sakafu au pembeni ya fremu ya mlango, maana yake koloni lipo chini ya nyumba au jirani nayo. Mchwa wa ardhini hujenga vijia vya udongo kupanda ukutani kwa sababu hawavumilii ukavu wala mwanga. Mtu akizunguka nyumba yake kila mwezi, akatazama ukuta wa nje na ndani ya stoo, akavunja vijia hivyo na kuvitia dawa, anawakamata mapema. Asipofanya hivyo, fremu inabaki na ngozi ya rangi tu, na siku moja kidole kinazama ndani yake. Bandu bandu huisha gogo, na hapa wahenga hawakutia chumvi.

Umeme na maji taka vinahitaji maneno machache. TANESCO inawajibika hadi kwenye mita, na waya zote za ndani ni za mwenye nyumba, pamoja na soketi iliyobadilika rangi ambayo familia imeizoea. Hiyo isiguswe na mtu asiye na leseni ya EWURA. Shimo la choo nalo linyonywe kiangazi, kwa kuwa masika maji ya ardhini hupanda, gari hunasa kwenye tope, na kinachofurika huelekea kisimani.

Januari inavyokula bati

Kama kazi zinajulikana na fedha si nyingi kiasi hicho, kwa nini hazifanyiki? Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye kalenda. Masika ya Pwani huanza Machi na kuendelea hadi Mei. Vuli ni Oktoba hadi Desemba. Wakati unaofaa wa kupanda juu ya paa kabla ya masika ni Januari na Februari, na hiyo ndiyo miezi ambayo kaya nyingi hazina kitu. Desemba imetumika kwa safari na sikukuu. Januari inadai sare, madaftari, viatu, michango na nauli, hata kama ada ya shule za serikali ilifutwa. Mkulima ananunua mbegu. Ukarabati unashindana na mtoto anayetakiwa kurudi shule, na hakuna mzazi atakayechagua bati.

Kwa hiyo ushauri wa kila siku wa "karabati kabla ya masika" ni sahihi kwa hali ya hewa na ni mbovu kwa mfuko. Fedha ya Februari lazima ipatikane mwezi mwingine, na iwekwe mahali ambapo Januari haitaifikia.

Kwa mkulima wa ufuta wa Chalinze na vijiji vyake, fedha huingia katikati ya mwaka, minada ya ufuta inapofanyika. Kwa mwenye mikorosho, ni kuelekea mwisho wa mwaka. Fedha hiyo ikikaa kwenye simu, itaisha kwenye simu. Akiba haiozi, walisema wazee, lakini akiba ya taslimu huombwa na shemeji, huazimwa na jirani, hutumika kwa msiba. Njia ambayo wajenzi wa ukanda huu wanaijua vizuri ni kuihifadhi fedha kwa kuigeuza kifaa. Bati mbili, kilo za misumari ya paa, kopo la rangi ya chuma, lita ya dawa ya mchwa, vikinunuliwa Julai na kufungiwa stoo, vitakuwepo Februari. Kitakachobaki ni ujira wa fundi, na fundi wa Februari hana foleni. Tahadhari moja tu: saruji isinunuliwe mapema namna hiyo, kwa sababu hushika unyevu na kuganda ndani ya mfuko.

Mwenye kipato cha kila siku, awe bodaboda wa stendi au muuza matunda, anafaa zaidi kwenye kibubu au kikundi. VICOBA nyingi zina mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na misiba. Nini kinazuia kikundi cha watu 25 kuongeza mfuko wa paa, kila mmoja akichangia kidogo kila wiki, na wanachama wakipeana zamu za kukaguliwa nyumba wakati wa kiangazi? Kikundi kikimpa fundi mmoja kazi za nyumba nyingi kwa pamoja kinapata bei ambayo mtu mmoja hawezi kuipata, na kinaweza kudai fundi mwenye cheti. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, kwa hiyo cheti si ndoto hata kwa fundi wa kijiweni.

Wa mshahara hawana kisingizio cha msimu. Wao wanahitaji ujasiri wa kuiweka nyumba kwenye orodha ya kwanza, siku ileile mshahara unapoingia, pamoja na umeme na kodi.

Na daftari liwepo. Liandikwe bati liliwekwa mwaka gani na la geji ngapi, shimo lilinyonywa lini, dawa ya mchwa ilipigwa lini, chemba ziko wapi. Mara nyingi baba ndiye anayejua bomba limepita wapi chini ya sakafu, na akifariki, familia inavunja vigae vya sebule nzima kulitafuta.

Nyumba ya watu wengi

Mahali ambapo utaratibu huu unahitajika kuliko pote ni nyumba za urithi. Pwani imejaa nyumba hizo, hasa Bagamoyo mjini. Mzee amefariki akiacha watoto tisa kwa mama wawili. Watatu wako Dar es Salaam, mmoja Tanga, mmoja Maskati, waliobaki wanaishi humo. Anayeishi ndani anasema wenzake wa mjini ndio wenye fedha. Wa mjini wanasema hawawezi kukarabati nyumba wasiyolala. Kila mmoja ana haki ya kura pale linapozungumzwa suala la kuuza, ila bati likipeperuka hakuna mwenye jukumu. Mvua haisubiri kikao cha ukoo.

Hapa pwani yenyewe ina hekima ya zamani inayofaa kurudiwa. Katika sheria ya Kiislamu, mali ikiwekwa wakfu na kuzaa mapato, fungu la kwanza la mapato hayo ni la kuitunza mali yenyewe, na wanufaika hupokea kinachobaki. Wanazuoni waliona mbali: wanufaika wakila kwanza, baada ya kizazi kimoja hakutakuwa na kitu cha kula. Zanzibar, ambako Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inasimamia majengo mengi ya namna hiyo, kanuni hii inajulikana. Familia isiyo na wakfu, na hata isiyo ya Kiislamu, inaweza kuiandika kwenye muhtasari wa kikao cha mirathi: vyumba viwili vya mbele vipangishwe, kodi yake iende kwenye nyumba kwanza, na msimamizi atoe hesabu kila mwaka mbele ya ndugu wote.

Gharama ya kutofanya hivyo imeonekana hata kwenye majengo yaliyokuwa na dola nyuma yake. Boma la Wajerumani la Bagamoyo, lililojengwa mwaka 1897, sehemu yake iliporomoka katika mvua za El Niño za 1997/98. Upande wa pili wa bahari, Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ilinusurika mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, siku ambayo jirani yake Beit al-Hukm iliangamia. Mizinga haikuiangusha. Sehemu yake ilibomoka mwaka 2012, jumba likafungwa, na tarehe 25 Desemba 2020 upande wa mbele ukaporomoka na kuua watu wawili, ukarabati wake ukiwa umeshaanza. Majengo ya mawe ya matumbawe na chokaa yanahitaji chokaa mpya na paa lisilopitisha maji, mwaka hadi mwaka, kwa sababu maji yakiingia yanaozesha boriti zinazobeba sakafu. Kama jumba la sultani halikusamehewa kwa kuchelewa, nyumba ya tofali za inchi tano itasamehewa?

Vyumba vya kupangisha vinavyoota

Swali hili linazidi kuwa zito kwa sababu Vigwaza inabadilika haraka. Bandari kavu ya Kwala, iliyozinduliwa rasmi Julai 2025, imeunganishwa na Barabara ya Morogoro kwa barabara ya zege inayoanzia Vigwaza. Reli ya kisasa ina kituo Ruvu. Madereva, mafundi, walinzi na wafanyakazi wa viwandani wanatafuta vyumba, na kila mwenye kiwanja anafyatua tofali. Vyumba sita au nane kwa mstari, bati moja juu, choo kimoja nyuma, wapangaji wanaingia kabla plasta haijakauka.

Mwenye nyumba wa namna hii anafanya biashara, na biashara inayotumia mtaji bila kuurudisha inajila yenyewe. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, kwa nyumba zilizo chini yake, inamtaka anayepangisha sehemu ya jengo kutunza paa, kuta za nje, mifereji mikuu na maeneo ya pamoja. Wapangaji wengi hawajui hilo, na wenye nyumba wengi wanaona paa linalovuja kuwa shida ya aliye chini yake. Mpangaji anaweka turubai juu ya kitanda, anavumilia hadi kodi yake iishe, kisha anahama, na chumba kinapakwa rangi juu ya ukungu kwa ajili ya mwingine. Watoto wanaolala kwenye chumba hicho ndio wanaovuta hewa ya ukungu ule usiku kucha.

Rekebisho lake halihitaji sheria mpya. Kodi katika ukanda huu hulipwa kwa miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Chukua vyumba sita vya shilingi 30,000 kila kimoja, vikilipwa miezi mitatu: ni shilingi 540,000 zinazoingia mkononi. Sehemu moja katika kumi ikitolewa palepale ni 54,000, na kwa mwaka ni 216,000, fedha ya kutosha kumpandisha fundi juu ya paa mara mbili, Februari na Septemba, kununua misumari na dawa ya mchwa, na kuchangia kulinyonya shimo. Mwenyekiti wa kitongoji anayeshuhudia mikataba ya upangaji, na ambaye mara nyingi huandika mkataba huo kwa mkono wake, anaweza kuuliza swali moja kabla ya kugonga muhuri: paa litakaguliwa lini na kwa fedha ipi? Jibu liandikwe chini ya kiasi cha kodi, pande zote mbili zitie saini, na mpangaji abaki na nakala yake.